Amerudi na Lile Jina Nililomkatalia

Admin, jina langu lifiche, ila mtaa uache: ni Bofu, Likoni. Nina miaka sitini na miwili, mume sina, mtoto sikujaliwa, na kulia nilishamaliza.

Miaka ya tisini tulikuwa na klabu ya salamu. Nyinyi vijana hamkuyaona hayo. Ulinunua kadi, ukaandika jina lako la redioni na majina ya wenzako unaowasalimu, mtangazaji akasoma, pwani nzima ikasikia. Kulikuwa na Binti Mapozi, kulikuwa na Mzee Madafu. Majina mapya niliyapitisha mimi. Klabu ikakua mpaka Kisauni na Changamwe.

Ndipo akaja mwanamke aliyeolewa na mume wangu baada ya mimi kuachwa kwa kutozaa. Jina alilochagua: Mrithi wa Tasa.

Mwenyekiti akanivuta kando. "Dada, hilo fumbo tu, hajakutaja. Ukilikataa, umelivaa mbele za watu."

Ndivyo tulivyolelewa huku kwetu. Fumbo hulijibu, unapita kama hukusikia, nyumbani unaumia peke yako. Mimi nilikataa. Mkutanoni bibi huyo akaniuliza, huku anacheka, limeniuma wapi.

Nikashika tumbo langu. "Limeniuma hapa. Tasa ni mimi, na wote waliokaa hapa wanajua. Kadi yako haiendi redioni, wallahi. Tafuta jina jingine."

Akatoka, na nusu ya klabu ikamfuata. Nililaumiwa miaka kwamba nimeivunja. Sikujuta hata siku moja.

Sasa mwenyekiti, mzee wa mkongojo, ameifufua klabu kwenye simu na kunipa kazi yangu ya kupokea watu. Kundi linajaa kila siku. Juzi nikaona ombi la kuingia: Mrithi wa Tasa. Ni yeye, na picha yake ameweka. Mwenyekiti anasema tumezeeka, hayo ya kale, nisiwagawe watu mara ya pili.

Akija na jina alilopewa na babake, nitamfungulia na karibu nitamwambia. Kwa lile, hapiti.

Nishaurini, nifanye nini? Ila wewe utakayeniambia nivumilie, andika kwanza hapo chini neno linalokuuma kuliko yote, tukuite hilo kuanzia leo.