Maharagwe ya Caritas

Wafu wote wa Mutanga Nord walikuwa watu wema, na kosa hilo ni la Mwalimu Népomuscène. Yeye ndiye anayewaandikia maisha yao. Bujumbura mtu hazikwi akasahauliwa hivi hivi: mwaka ukikaribia kutimia, familia hufanya kuganduka, yaani kuanua matanga. Watu husali misa, hukaa chini ya turubai, huletewa vinywaji, kisha mmoja husimama na kusoma marehemu alikuwa nani. Wenye haraka huandika tarehe na majina ya watoto, basi. Wenye kujali humwita Mwalimu Népo.

Zamani alikuwa fundi kweli. Alikuja jikoni kwa wafiwa, akakaa kwenye kigoda saa nzima, daftari juu ya goti, akauliza mambo ambayo hata padri hawezi kuyauliza. Swali lake la kwanza lilikuwa lile lile daima: viatu vyake alikuwa akiviweka wapi? Wafiwa walimtazama kama mtu aliyelewa asubuhi, halafu wakaanza kusema, na wakishaanza hawakunyamaza.

Kisha mke wake mwenyewe, Caritas, akafa. Mwalimu alimwandikia kurasa nne katika daftari la kijani. Caritas aliimba wimbo wa Jumapili akichambua maharagwe, na yale yaliyotobolewa na wadudu aliyaweka kando kwa ajili ya kuku wa jirani. Caritas alicheka kabla hajamaliza kusimulia, hata mwisho wa kisa watu wakaukosa. Mvua ikianza alitoa nje beseni zote, mpaka ile ya kumwogeshea mtoto ambaye alikuwa ameshakua. Siku ile waliolia si ndugu peke yao, hata wapishi waliacha sufuria wakalia.

Baada ya hapo Mwalimu hakuweza tena kukaa jikoni kwa wafiwa. Alijaribu mara moja, machozi yakamziba, akaaga. Basi alibaki nyumbani, akafungua daftari la kijani, akaazima humo sifa za mkewe. Mara ya kwanza ilikuwa kile kicheko tu. Alimpa marehemu mume wa mjane mmoja, Amélie, na Amélie alimshika mikono yote miwili akimshukuru. Tuseme ukweli: sifa zile zilimlevya. Aliazima tena.

Ndivyo tulivyofika kwa Gaspard Namegabe, dereva wa lori, mzaliwa wa Uvira. Mjane wake, Benite, alipokuja Jumanne kuomba aandikiwe, Mwalimu hakumkaribisha hata kuketi.

"Alikuwa mutu muzuri?" alimuuliza pale mlangoni.

"Eeh, Mwalimu. Kwangu alikuwa muzuri."

"Inatosha, mama."

Haikutosha, na alijua.

Jumamosi turubai likajaa. Madereva walikalia benchi la nyuma, kofia mikononi. Orlane, binti pekee wa Mwalimu, alikuwa akigawa Fanta. Mwalimu alisimama, akasafisha koo, akasoma kuhusu Uvira, kuhusu lori, kuhusu mpaka wa Kongo pale Gatumba ambao Gaspard aliuvuka miaka na miaka. Mpaka hapo mambo yalikuwa sawa. Halafu akasoma: "Jioni alikaa uani akichambua maharagwe, huku akiimba wimbo wa Jumapili."

Benchi la nyuma likatikisika.

"Gaspard? Maharagi?" alisema dereva mmoja, na wenzake wakaangua kicheko.

Benite aliinamisha kichwa. Mwalimu akatafuta pa kuweka macho, yakaenda kukutana na ya Orlane. Binti alikuwa amesimama katikati ya viti, chupa mkononi, hajaifungua.

Hapo angeweza kukoma. Angeweza kusema, samahanini, nimechukua karatasi siyo. Lakini mwoga ana akili yake: aliona bora amalize. Akasoma na ya kuku wa jirani. Orlane akaiweka chupa chini polepole, akapita katikati ya wageni, akatoka getini. Baba yake aliendelea kusoma, akitamani ardhi ipasuke immeze yeye na karatasi yake.

Wageni walipoanza kula, Benite alimwita pembeni. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomuuma Mwalimu zaidi.

"Mwalimu, ile mutu ulisoma, mi simujui."

"Unisamehe, mama."

"Gaspard alikuwa mutu wa matusi. Maji ilipoingia Gatumba aliwatukana watu wote, huku anabeba godoro zao mu lori mpaka asubuhi. Ile ndiyo nilitaka batoto wasikie. We hukuniuliza."

Alikuwa na haki. Nguo ya kuazima haisitiri, na Mwalimu alikuwa amemsimamisha marehemu wa watu uchi mbele ya wageni. Aliondoka bila kugusa sahani.

Nyumbani alimkuta Orlane mezani, mbele yake daftari la kijani. Mwalimu akaganda mlangoni. Maana katika daftari lile kulikuwa na jambo baya kuliko lile alilosoma. Ili asije akarudia sentensi moja katika mtaa mmoja, pembeni mwa kila mstari alikuwa ameandika, kwa penseli, jina la marehemu aliyepewa. Hata mwizi ana utaratibu wake.

Orlane alikuwa akiyafuata majina kwa kidole.

"Kicheko, bwana wa Mama Amélie. Beseni, ule bibi wa Mutanga Sud. Maharagi, Gaspard." Aligeuza ukurasa, na wa pili, na wa tatu. Kila mstari ulikuwa na mwenyewe. "Papa, sasa Mama yeye amebakia na nini?"

Miaka thelathini na miwili Mwalimu alikuwa amewachapa watoto wa watu kwa kunakili kazi ya wenzao. Na huyu aliyekuwa akimsomea makosa yake ni binti yule yule ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kushika kalamu. Aliona aibu mpaka akashindwa kuingia ndani ya nyumba yake mwenyewe. Alikaa kwenye ngazi mpaka jua likazama.

Kesho yake, baada ya misa, alikwenda jikoni kwa Benite na daftari jipya. Aliomba kigoda. Viatu, Benite alimweleza, Gaspard aliviacha ndani ya lori, akaingia pekupeku ili asiwaamshe watoto, kisha akajikwaa kwenye ndoo na kuwaamsha wote kwa matusi. Mwalimu aliandika mpaka vidole vikafa ganzi. Wiki iliyofuata Benite aliwaita wale wale waliokuwepo, madereva na wote, na Mwalimu akasimama mbele yao.

"Kabla sijasoma," alisema, "yale maharagwe hayakuwa ya Gaspard. Yalikuwa ya Caritas, mke wangu. Mimi niliyaiba."

Hakuna aliyecheka. Walicheka baadaye, kwenye ndoo na matusi, na Benite alicheka hadi akajifuta macho kwa kitenge. Orlane hakuwepo. Alikuwa amekataa kuja.

Aliporudi nyumbani, Mwalimu alimkuta uani, ungo magotini, akichambua maharagwe kimya.

"Nimeyarudisha," alimwambia.

"Ya maharagi tu?"

"Nitaenda kwa Amélie. Nitaenda kwa wote."

"Na wakikatala? Bamesha kuzoea."

Hilo alikuwa hajaliwaza. "Basi nitamwandikia mama yako mengine."

"Andika," alisema Orlane.

Mwalimu aliketi, akafungua daftari jipya. Alifikiri. Yalimjia maharagwe, kikaja kicheko, zikaja beseni, kisha yakamjia maharagwe tena. Kila alichokumbuka kuhusu Caritas kilikuwa kile alichokwisha kuandika, na alichoandika alikuwa amekigawa. Miaka ishirini na sita walikuwa wamelala chini ya bati moja, naye alikuwa na kurasa nne tu.

Orlane aliendelea kuchambua, wala hakumsaidia. Mwisho Mwalimu akasogeza kigoda karibu naye, akaweka daftari juu ya goti, na sauti ikamtoka ndogo, ya mtu aliyefika msibani kwa watu asiowajua.

"Mwanangu," alimuuliza, "viatu vyake alikuwa akiviweka wapi?"