Mrija wa shaba chini ya jiko la Earline

Nje ya nyumba ya mbao pembezoni mwa Abbeville, kusini mwa Louisiana, kinachoonekana juu ya nyasi ni buti mbili tu. Mwili uliobaki umezama chini ya sakafu ya jikoni, kwenye upenyo ambao mbwa mnene angeukataa.

"Nisogezeeni tochi," inasema sauti kutoka huko ndani. "Na mkimwona nyoka akitoka, mwacheni aende zake. Tumeshasalimiana."

Mwenye buti ni Verlene Arceneaux, fundi friji mwenye umri wa miaka 59. Ni Agosti, jua la asubuhi limeshaanza kubana vifua. Anatafuta kilichoifanya friji iliyo juu yake iache kutengeneza barafu.

Kwa nyumba nyingi za mji huu, friji isiyotoa barafu ni kero tu. Chai ya barafu hunywewa vuguvugu, wajukuu wakanung'unika. Katika nyumba hii jambo ni zito zaidi.

Earline Melancon, mwenye umri wa miaka 76, anatibiwa saratani. Dawa zimemjaza vidonda kinywani, na kwa wiki ya pili sasa chakula kinamshinda. Muuguzi alimshauri amumunye barafu kutwa, impoze vidonda na kumpa maji kidogo kidogo. Mashine iliyomo ndani ya friza yake ilikuwa ikidondosha vipande vidogo, laini, visivyo na kona. Halafu ikaanza kutoa vichache, vyembamba kama kucha. Mwisho ikanyamaza.

Mumewe, Alcide, mvuvi wa kamba mstaafu, alijaribu kila alichokijua. Aligandisha maji kwenye trei, akayafunga mabonge ndani ya taulo na kuyaponda kwa nyundo. Vipande vikatoka na ncha, vikamchana mkewe ulimi. Majirani wakaleta mifuko ya barafu ya dukani, nayo ikawa mabonge yaleyale.

"Nikasema labda baridi haitoshi," anasema Alcide. "Nikazungusha swichi mpaka mwisho."

Verlene aliposikia hivyo alitikisa kichwa taratibu.

Kazi ilianzia jikoni. Kwanza aliangalia waya ulio ubavuni mwa mashine ya barafu, ambao ukiinuliwa huizima. Ulikuwa chini, mahali pake. Akapima baridi ya friza, akaikuta imepita kiasi. Akachomoa chujio la maji, halikuwa na neno. Ndipo akachungulia kimrija kinachoingiza maji kwenye mashine, na humo akakuta barafu ndefu kama kidole imeziba njia.

Aliiyeyusha kwa mashine ya kukaushia nywele ya Earline mwenyewe, ambayo haikuguswa tangu dawa zilipomaliza nywele zake. Earline alikuwa amesogezwa kwa kiti cha magurudumu hadi mlangoni, akitazama.

"Afadhali imepata kazi," alisema, kwa sauti ya mtu anayechagua maneno machache yasiyouma.

Mtu mwenye haraka angefunga mkoba hapo. Verlene hakuridhika.

"Mrija haugandi bure," anaeleza. "Maji yakija kwa nguvu, yanapita. Yakija kwa kudondoka, yanaganda njiani, na mzee kwa kuongeza baridi alizidi kuyagandisha. Ningeyeyusha nikaondoka, ningeitwa tena. Na huyu mama hana siku za kuchezea."

Akaivuta friji kutoka ukutani, akafungua mrija wa nyuma na kuutumbukiza kwenye ndoo. Maji yalitoka membamba kama uzi. Bomba la sinki, hatua chache tu kutoka hapo, lilikuwa likifoka. Hivyo ubaya ulikuwa katikati, mahali ambapo mrija wa shaba hupita chini ya nyumba. Alibadilisha shati, akaingia huko chini akitambaa kifudifudi.

Barafu imemlisha Verlene tangu ujana. Kwa miaka kumi na tisa alifanya kazi katika kiwanda cha barafu kwenye gati la mashua za kamba, mwanzoni akisukuma mabonge, baadaye akiwasaidia mafundi wa mitambo. Kiwanda kilipofungwa alikuwa na miaka 41, na nyumbani alikuwa na mume mgonjwa wa figo. Akaanza kutengeneza friji za watu.

"Walikuwa wakinipigia simu wanauliza kama mume wangu yupo," anasema. "Nawaambia yupo, amelala, lakini friji yenu hataiweza."

Mume huyo, Lucien, alifariki miaka kumi iliyopita. Figo zikishakufa, hata maji mtu hupimiwa. Verlene anakumbuka jinsi alivyokuwa akimwekea kipande cha barafu ulimini, kwa kuwa kilikaa muda mrefu kuliko funda la maji.

"Watu wanadhani barafu ni anasa," anasema. "Mimi nimemwona mtu mzima akiisubiri kama sikukuu."

Kazi hii ina misimu yake. Wakati wa joto simu hailali, na baridi ikiingia hukaa wiki nzima bila kuitwa. Goti lake moja limeshapasuliwa, na la pili daktari ameshalitaja.

Anapotoka chini ya nyumba, ana matope hadi nyusi. Mkononi ameshika kipande cha mrija alichokikata, kimebonyea katikati mithili ya mrija wa soda uliotafunwa. Alcide anamsubiri barazani.

Mwezi Juni, Earline aliposhindwa kupanda ngazi, Alcide alimjengea mteremko wa mbao kwenye mlango wa jikoni ili kiti kipite. Alikuwa peke yake, macho yake hafifu, akipima kwa kupapasa. Boriti aliyoipigilia chini ya sakafu kuushikilia mteremko ndiyo iliyoubana mrija, na kila kiti kilipopita uzito uliukandamiza zaidi.

Verlene alikiri baadaye kwamba alitaka kusema ni panya. "Panya hawana wa kuwatetea," alisema. Lakini mzee angeweza kupigilia msumari mwingine palepale. Basi akamwambia ukweli, kwa upole, na kumkabidhi kile kipande.

Alcide alikigeuzageuza kwa vidole. Kisha akaketi.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema. "Ni mimi niliyekuwa namnyima."

Verlene alifuta uso kwa mkono wa shati. Jibu lilitoka mlangoni.

"Alcide," Earline alisema. "Miaka hamsini unapigilia misumari kwenye nyumba hii, hata siku moja hujauliza nyuma ya ubao kuna nini."

Mzee aliinamisha kichwa.

"Na bila huo mteremko," mkewe akaendelea polepole, "hospitali ningefikaje? Ungenibeba na mgongo huo? Ingia ndani, jua kali."

Verlene alirudi chini akaunganisha kipande kipya, akakipitisha mbali na boriti. Alirudisha baridi ya friza ilipostahili, akatega sikio mpaka maji yakasikika yakijaa mashine. Barafu ya kwanza aliitupa, kwa kuwa mrija ulikuwa mpya. Ya pili ilianguka baadaye mchana, ikigonga chombo chake, na Alcide alikuwa amesimama hapo na bakuli muda mrefu. Alimpelekea mkewe kipande kimoja kwenye kijiko. Earline alifumba macho, akakimumunya.

Wiki tatu baadaye, matibabu ya duru hiyo yalikuwa yamekwisha na vidonda vikianza kukauka. Earline ameanza kunywa supu ya kuku iliyopozwa. Madaktari hawajasema zaidi ya hapo, naye na mumewe hawaulizi zaidi ya hapo.

Verlene amelitangazia kanisa lake mpango: mwakani, kabla joto halijaingia, atazunguka nyumba zenye wagonjwa akikagua mirija, machujio na friza, bila malipo. Celestine, jirani yake aliyekuwa mpishi wa mgahawa, amekubali kujifunza kazi na kuwa wa kutambaa chini ya nyumba. Ni mwembamba na haogopi nyoka.

"Simu ya barafu inapigwa wakati mgonjwa ameshakaa siku kadhaa bila," anasema Verlene akifunga ngazi juu ya gari. "Hata nikikimbia vipi, nimechelewa. Nataka mwaka mmoja tu nifike kabla hawajaniita."