Nilivyomtetea Fisi Mashineni

Nakumbuka jioni ile mpaka leo, mwanangu, na kila ikinijia hasira hunipanda. Usinune nikisema kwa ukali. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mpya, Babati ikijaa wageni. Wazazi wetu walikuwa wamefariki. Mimi, kifungua mimba, niliacha shule darasa la tano niwalee wadogo zangu wawili kule Bonga. Tulikuwa na mbuzi mmoja tu, na maziwa yake ndiyo yaliyomshikilia kitinda mimba wetu, Elia, aliyekuwa akiugua kila mara.

Siku hiyo nilipeleka mahindi mashineni. Regina, anayenifuata, mwenye miaka minane, nilimwambia, "Nitarudi jua halijazama, nifunge zizi." Tulilifunga kwa tawi zima la mgunga, miiba ikitazama nje. Mtoto haliwezi.

Mashineni vijana walikuwa wakibishana: chui na fisi, nani mbabe?

"Chui, bwana! Ana kucha, ana shabaha," alisema mmoja, mgeni wa mjini.

"Fisi wakija, chui huacha nyama akakwea mti," nikasema.

"Wewe wa darasa la tano umeyasoma wapi hayo? Kwa mbuzi wako?"

Wakacheka. Unga wangu ulikuwa tayari, mwanangu! Ningejitwika nikaondoka. Nikabaki kumtetea fisi, mataya yake, ukaidi wake, mpaka yule kijana akanyoosha mikono. Nikatoka mshindi, giza linaingia.

Nilimkuta Regina zizini, viganja vinavuja damu. Alilivuta tawi peke yake, likakwama katikati. Fisi akapita hapo hapo, akamchukua mbuzi. Jirani yetu, Mama Yohana, alikuwa akimchomoa miiba. Nikamwambia, "Shikamoo." Akachomoa mwiba mwingine.

"Waliotoka mashineni wanasema unapiganisha wanyama," akasema. "Haya, bingwa, nani kashinda?"

Elia aliishi kwa maziwa aliyotupa Mama Yohana, si kwa ubingwa wangu.

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi nilifunzwa na fisi. Na jana nakukuta wewe na wenzako mmeinamia simu, mnabishania simba na chui, mnatukanana, huku mdogo wako analia njaa ndani! Ya nini?

Hata ukiwa na haki, kama nyumbani unasubiriwa, nyamaza uende. Anayekutegemea hataki kujua umemshinda nani. Anataka akuone mlangoni.

Mungu akupe miguu myepesi ya kurudi kwa walio wako, na akukutanishe nao wakiwa wazima.