Sufu ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu alizaliwa na drepano, ugonjwa wa damu ambao baridi ikimgusa mtu, mifupa inamuuma mpaka anapiga kelele. Na Bukavu ina baridi. Mvua ikinyesha, upepo wa ziwani unapanda mpaka kwetu Kadutu, naye alikuwa anatetemeka ndani ya koti.

Mimi mkubwa wake, yaya kama alivyoniita, ndiye niliyemchagulia nguo za kuvaa chini ya nguo. Mara ya kwanza nilichukua fulana ya pamba nzito, kwa sababu ilikuwa laini mkononi. Siku moja alipanda kilima kwa miguu akitoka chuoni, pamba ikanywa jasho lote. Alipofika nyumbani ilikuwa imemgandia mgongoni, baridi kama kitambaa cha kupigia deki. Jioni miguu ikaanza kumuuma. Tukamkimbiza hospitali kwa pikipiki, mama akimshikilia kwa nyuma.

Alipotoka, nilienda naye sokoni Nyawera, kwa maman mmoja anayeuza mitumba. Alitutolea fulana za mikono mirefu na suruali za kubana, zile zinazovaliwa Ulaya wakati wa theluji. Nilisoma lebo za shingoni nikitafuta sufu. Nyingi zilikuwa nailoni tupu. Nyingine zilikuwa zimelegea, hazishiki tena mwili. Mwishowe nikapata moja ya sufu, nikampa aijaribu.

"Yaya, hii inaniwasha," mdogo wangu alisema.

"Vumilia. Hii njo iko na joto."

"Na kama navaa hii yote, na mifupa inauma tu?"

Maman aliinamia nguo zake, akaendelea kuzikunja. Mimi nikasema tunachukua.

Aliivaa sufu ile msimu wote wa mvua, na hospitali hatukuiona. Mama alianza kuimba tena jikoni. Halafu kiangazi kikaingia, na asubuhi moja ya ukungu, akiwa na sufu, soksi na koti, maumivu yakamshika kifuani.

Hospitalini muuguzi alitafuta mshipa wa kuwekea dripu. Mkono wa fulana ulikuwa umebana, haukukunjika.

"Mukate tu," mdogo wangu alisema.

Muuguzi akaukata kwa mkasi, kuanzia kwenye kifundo mpaka begani.

Alikufa kesho yake mchana. Mama aliniuliza kama alikuwa anasikia baridi. Nilimjibu hapana, mwili wake ulikuwa wa moto. Ilikuwa kweli. Alikuwa na homa kali.