Damu ya Mkwe

Kwetu Uhayani, mkwe wa kiume na mama mkwe wanaheshimiana kwa kukwepana. Tangu nioe, nikifika ukweni Buganguzi mama mkwe ananipikia ndizi za kulisha kikosi, kisha anajificha jikoni mpaka niondoke. Salamu zake ananiletea mke wangu. Uso wake niliujua kwa picha ya harusi, na hata pale alikuwa ameinama.

Basi akaugua. Tukamlaza hospitali moja mjini Bukoba, fizi zikimtoka damu isiyokoma. Daktari akasema chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zimemwishia. Zisipoongezwa upesi tutampoteza. Akaomba ndugu watoe damu, mashine ichuje chembe hizo humo.

Shemeji zangu watatu walijitokeza kishujaa. Mmoja alikuwa kwenye dozi ya malaria, wa pili mzani ulimkataa, wa tatu alinuka pombe ya ndizi hata muuguzi akarudi nyuma. Nikabaki mimi, kilo tisini na ushee, mkono wa shati nimeshaukunja.

"Mawe!" akaruka baba mdogo wa mke wangu, akimlilia mama yake kwa Kihaya. "Damu ya mkwe imwingie mama mkwe? Watu hata mkono hawapeani, leo wakutane mishipani?"

Hasira zangu haziko mbali. Nikamwambia heshima hiyo ataipeleka makaburini. Akasema sina adabu. Nikamjibu ni kweli, lakini damu ninayo. Mke wangu alikuwa analia, na watu wote koridoni walikuwa wameacha shughuli zao kutusikiliza.

Mara mke wangu akaitwa wodini. Aliporudi alikuwa anafuta machozi na kucheka kwa pamoja.

"Mama amesikia yote," akasema. "Anasema utoe. Ndizi zake umezila miaka yote, hiyo damu ni mali yake."

Nikapimwa, damu ikafaa, nikatoa. Baada ya mashine kufanya kazi yake, kilikuja kifuko cha maji ya manjano, kikatundikwa pamoja na vya watu baki waliochangia damu hospitalini siku hiyo. Baba mdogo alikitazama sana, akatangaza kwamba kumbe hii si damu, kwa hiyo mila haijavunjwa. Nikamwachia ushindi wake. Fizi za mama zilikuwa zimeanza kukauka, na hilo ndilo nililolitaka.

Siku ya kuruhusiwa, gari lilikuwa moja, langu. Mama mkwe akapanda nyuma, akajifunika kitenge kuanzia kichwani hadi magotini. Mimi nikakazia macho barabara hadi shingo ikauma. Kwa furaha na woga, mguu wangu ulizidi kukanyaga mafuta bila mimi kujua. Tulipokaribia Muleba, kwenye kona, sauti ikatoka ndani ya kitenge:

"Mwanangu, polepole, waitu, nakusihi. Juzi uliniponya, leo usiniue."

Tangu mama yangu afariki, hakuna aliyekuwa ameniita hivyo. Nilipunguza mwendo mpaka baiskeli zilizobeba mikungu zikatupita, maana barabara nilikuwa siioni vizuri.