Somo la Garini

Chizuru alikuwa amechoka kusemwa. Kila Jumapili mama mkwe wake alilalamika kwamba Konoha, mwenye miaka mitatu, bado anaongea neno mojamoja. Chizuru akamfundisha kwa kitabu cha picha mpaka koo likamkauka.

"Sema, mwanangu: Sungura alibebeshwa mzigo na dubu."

"Sungura," Konoha akajibu.

Jumapili iliyofuata, wakimenya machungwa nyumbani kwa bibi, bibi akaanza tena. "Huyu mtoto hafundishwi kuongea?"

Konoha akameza kipande chake. "Mama alilazimishwa na Baba kuja kwa Bibi, na yeye alitaka kulala."

Kitabuni hakushika kitu. Manung'uniko ya mama yake asubuhi garini kayashika yote.

Bibi akaendelea kumenya. "Kumbe anafundishwa," akasema, akampa mjukuu chungwa zima.