Pete ya Lottie Merivale

Yaliisha salama. Nalisema mapema, maana mimi mwenyewe siwezi hadithi ya kunikalisha roho juu tangu mwanzo hadi mwisho.

Kezia Tranter alikuwa jirani yangu ukuta kwa ukuta, katika ua wetu nyuma ya mtaa wa masonara, hapa Birmingham. Kwa miaka miwili tulikuwa watu watatu tu tuliojua kwamba anachonga chapa: yeye, mumewe Enoch, na mimi Hetty Grice. Mimi sikuambiwa. Ukuta wetu ulikuwa wa tofali moja, na sikio langu halina adabu.

Chapa ni kipande cha chuma kigumu. Mchongaji anachimba picha ndani yake, fedha inalazwa juu, nyundo inadondoshwa, na pini ya kifuani inatoka na picha yake. Lakini picha lazima ichimbwe kinyume, kushoto kuwe kulia, ndipo itoke sawa. Hiyo ilikuwa kazi ya wanaume. Sisi wanawake tulipewa kugonga nyundo, kupiga tupa na kung'arisha, na kucha nyeusi za kwenda nazo kanisani.

Enoch alikuwa fundi wa sifa mpaka mikono ilipoanza kumtetemeka. Kezia, aliyemtazama kwa miaka thelathini, akachukua patasi. Alichonga nyumbani, na Enoch akazipeleka chapa kiwandani kidevu juu, kama zake. Wachongaji wenzake wangejua, wasingekubali kamwe chapa ya mwanamke iguswe kiwandani, na nyumba ile ingekosa mkate.

Ndipo ikaja harusi ya Lottie Merivale. Lottie alikuwa mwimbaji wa jukwaani aliyependwa hata na wake wa wachungaji, ingawa hawakukiri. Mchumba wake alikuwa Kapteni Ferrars, yule wa kupaa angani kwa puto. Mji mzima ulitaka pini ya harusi ile. Kiwanda chetu kikaamua: mkono wa bibi harusi wenye pete, umeshika kamba ya puto, na herufi zao mbili chini. Kazi akapewa Enoch, yaani Kezia.

Alhamisi, siku mbili kabla ya harusi, tulikuwa tumekwisha kugonga darzeni hamsini. Nilinunua moja, nikaenda kumringia Kezia.

"Shoga, nitazame! Si nafanana na Lottie?"

"Lottie akikuona ataacha kuimba," akasema. "Hebu njoo kwenye kioo, umeibandika upande."

Nikasimama mbele ya kioo chake. Kezia alitazama kioo, akatazama kifua changu, akatazama kioo tena. Akakaa chini bila kuangalia kama pana kiti. Bahati kilikuwapo.

"Hetty, mkono gani huo?"

"Wa bibi harusi, wa nani tena?"

"Kwenye kioo ni wa kushoto. Kifuani mwako ni wa kulia."

Herufi kinyume alizizoea, angeweza kuzichonga huku anakoroga supu. Lakini mkono alikuwa ameutazama wake mwenyewe, wa kushoto, ameuweka mezani, akauchonga vilevile alivyouona. Kwetu pete ya ndoa huvaliwa kushoto. Na tangu Pasaka watu walikuwa wakinong'ona kwamba Kapteni ana mke mwingine huko Dover. Pini ya pete iliyokaa kulia wangeiona ni kejeli tupu, kana kwamba tunasema ndoa si ya kweli, na kiwanda kingechekwa mpaka Krismasi.

"Nyamaza," Enoch akasema kutoka pembeni, mikono ameificha chini ya blanketi kama kila nikija. "Hakuna atakayeona. Na akiona, ni mimi niliyekosea."

"Hujakosea chapa hata moja maisha yako yote, Enoch Tranter. Usianze kwa kosa langu."

Asubuhi ya Ijumaa mimi na Kezia tulikwenda kiwandani kwa Bwana Ludford, msimamizi wetu, mtu wa sharubu nyingi na maneno machache. Pini zilikuwa zimeanza kupangwa kwenye visanduku.

Kezia akamwonyesha. Bwana Ludford aliigeuza pini, akautazama mkono wake mwenyewe wa kushoto, akaguna.

"Nani kachonga hii?"

Ilikuwa rahisi kusema Enoch. Enoch mwenyewe alikuwa ameshamruhusu.

"Mimi," Kezia akasema. "Hii na nyingine zote. Miaka miwili sasa."

"Najua," akasema Bwana Ludford.

"Unajua nini?"

"Mama Tranter, mumeo alikuwa ameanza kuchimba kwa kina mno, fedha inapasuka. Siku moja chapa zikaanza kuja safi, na yeye akaanza kutia sahihi ya kuyumbayumba kama ya mtu aliyepanda farasi. Nilidhani mnaniona mjinga, nikawaachia muendelee."

"Mjinga hatukusema," nikadakia. "Tulisema kipofu."

"Wewe Grice, hilo utalilipa kwa kupiga tupa. Haya, tufanyeje? Harusi ni kesho."

Kezia alikuwa tayari amechukua tupa ndogo mezani. Akaipitisha kidoleni mwa ule mkono wa fedha mara tatu, akapangusa. Pete ikawa haipo.

"Zinauzwa saa ngapi?"

"Kesho asubuhi, mlangoni pa kanisa."

"Kabla ya ndoa, basi. Bado hajavishwa pete."

Bwana Ludford alicheka mpaka sharubu zikalowa. Wanawake wote tuliketi kwenye tupa, tukazifuta pete mia sita kabla ya chakula cha jioni. Mikono iliniuma wiki nzima, na sikujali.

Tulipotoka, Bwana Ludford akamwita Kezia mbele ya mafundi wote. "Chapa inayofuata uilete mwenyewe. Asiyetaka kuigusa, mlango ule pale." Wawili walinuna. Hakuna aliyetoka.

Enoch tulimkuta amekaa palepale tulipomwacha asubuhi.

"Wamekufukuza?"

"Wanajua, mume wangu. Bwana Ludford alijua zamani. Kuanzia leo napeleka mwenyewe."

Sikujua atapokeaje, mwanamume kuvuliwa jina lake vile. Aliinamisha kichwa, mabega yakashuka, akashusha pumzi ndefu ya mtu aliyetua gunia. Kisha akaitoa mikono yake chini ya blanketi, akaiweka mezani mbele yangu, ikitetemeka wazi.

"Hetty," akasema, "nishikie kikombe. Nina kiu tangu asubuhi."

Nikamshikia, akanywa chote.